Darwin na Mbwa Wake

Historia ya elimu aghalabu huandikwa kwa majina ya vitabu, miaka ya mitihani na sifa za walimu. Mwandishi hutuambia kwamba mwanafunzi fulani aliingia chuoni mwaka fulani, akatoka na shahada fulani, akavumbua jambo fulani. Na msomaji hubaki akidhani kwamba mtu huyo aliishi kwa wino na karatasi, kama nondo aishivyo kwa nguo. Lakini mwanafunzi ni mtu. Hula, hulala, huona upweke, hudaiwa na wenye maduka, huandikiwa barua za lawama na baba yake, na pengine hupenda kiumbe ambacho hakikutajwa kwa wema katika sheria za chuo. Katika insha hii nakusudia kutazama upande huo uliosahauliwa katika maisha ya mtu mmoja, Charles Darwin, na kuuliza swali moja: mbwa waliofuatana naye tangu utoto hata uzee walikuwa pumbao tu la saa za mapumziko, au walikuwa na sehemu katika elimu yake? Jibu langu ni kwamba walikuwa na sehemu kubwa, tena kwa njia mbili. Walimfundisha kutazama, na waliiwekea elimu yake mpaka.

Vyuo vya Uingereza na mbwa havikupatana tangu zamani. William wa Wykeham, Askofu wa Winchester, aliyeasisi New College huko Oxford mwaka 1379, aliwakataza wanachuo wake kufuga mbwa, vicheche na ndege wa kuwindia. Hoja yake ilikuwa nzito: watu wanaoishi kwa sadaka haiwafalii kuwatupia mbwa mkate wa wanadamu. Huko Cambridge nako mbwa hawakutakiwa, na kutokana na katazo hilo kumetoka kisa kimoja mashuhuri. Lord Byron, mshairi, aliyeingia Trinity College mwaka 1805, alifuga dubu. Na husimuliwa kwamba alimleta kwa sababu sheria ilikataza mbwa, wala haikusema neno juu ya dubu. Yamkini sababu hii imetiwa chumvi na wasimulizi, lakini dubu mwenyewe alikuwako, maana Byron alimtaja katika barua yake ya mwaka 1807. Basi mwanafunzi aliyetaka kukaa na mbwa alisimama baina ya mambo mawili, sheria ya nyumba aliyoingia na haja ya moyo wake.

Najua kwamba msomaji wa pwani yetu aweza kuingiwa na shaka mapema. Kwetu mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba hutoshwa mara 7, moja kwa udongo. Na kumwita mtu mbwa ni tusi lisilosahaulika upesi. Lakini hukumu ya tohara ni jambo moja na ruhusa ya ukatili ni jambo jingine. Katika Sura ya Pango mbwa amelala kizingitini pamoja na vijana waliomkimbilia Mungu; na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, mtu aliyeteka maji kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu alisamehewa dhambi zake. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 255 wa Hijra, yaani karibu na 869, aliyajaza majalada ya Kitabu chake cha Wanyama kwa mjadala mrefu baina ya mtetezi wa mbwa na mtetezi wa jogoo, wala hakuona kwamba jambo hilo linaishusha heshima ya mwanachuoni. Wahenga wetu nao walimtazama mbwa kwa makini waliposema kwamba mbwa hafi maji akiona ufuko. Kwa hiyo mada hii si ngeni sana kwetu kama iwezavyo kudhaniwa.

Charles Darwin alizaliwa Shrewsbury, tarehe 12 Februari 1809, mwana wa tabibu mwenye jina na mali. Mama yake alifariki mwaka 1817, naye akiwa na umri wa miaka 8, akabaki katika uangalizi wa dada zake wakubwa. Mwaka 1876 alipokaa kuandika habari za maisha yake kwa ajili ya watoto wake, alikuwa mzee wa miaka 67, jina lake limeenea duniani. Angeweza kuanza kwa mambo ya kujisifu. Badala yake, katika kurasa za mwanzo kabisa, alisimulia kwamba alipokuwa mtoto alimpiga kijibwa, bila ya kosa, kwa ajili ya kufurahia tu kwamba alikuwa na nguvu juu ya kiumbe dhaifu. Pigo lenyewe halikuwa kali, asema, kwa kuwa kijibwa hakulia, na mahali palikuwa karibu na nyumba. Hata hivyo tendo lile lilimlemea, na dalili aliyoitoa ni kwamba alikumbuka barabara mahali hasa lilipotendeka.

Nawaomba wanafunzi wa historia waitafakari dalili hiyo. Mtu huyu aliizunguka dunia, akaona milima ya Andes, visiwa vya Galápagos na misitu ya Brazili. Na baada ya miaka ipatayo 60 alikuwa bado aweza kunyosha kidole na kusema, ni hapa. Kumbukumbu haishiki mahali namna hiyo ila panapo jeraha. Mara baada ya kisa hicho akaongeza kwamba upendo wake kwa mbwa uligeuka baadaye kuwa shauku kubwa, na kwamba mbwa wenyewe walionekana kulijua jambo hilo, kwani alikuwa hodari wa kuwaibia wengine mapenzi ya mbwa wao. Toba na mapenzi vilikaa jirani katika moyo wake, na huenda chanzo chake kilikuwa kimoja.

Baba yake hakuona hekima yoyote katika shauku hiyo. Alimkemea kijana wake kwamba hajali kitu ila bunduki, mbwa na kukamata panya, na kwamba atakuwa aibu kwake mwenyewe na kwa jamaa yake yote. Maneno hayo yalimchoma Darwin hata akayakumbuka uzeeni, ingawa alimtetea baba yake kuwa ni mtu mwema aliyesema kwa hasira. Mwaka 1825 akapelekwa Edinburgh kusomea utabibu. Huko alihudhuria upasuaji mara mbili katika chumba cha hospitali, mmoja wao ukiwa wa mtoto, zamani zile kabla dawa ya usingizi haijajulikana. Na mara zote mbili alikimbia kabla kazi haijakwisha. Watu wa siku zile waliweza kuuita udhaifu. Sisi twaweza kuuona kuwa ni tabia ile ile iliyomfanya asikisahau kijibwa: hakuweza kuyatazama maumivu ya mwingine kama mtu atazamaye ukuta. Faida kubwa aliyoipata Edinburgh haikutoka kwa mabingwa wa utabibu tu. John Edmonstone, mtu mweusi aliyekuwa mtumwa huko Guyana kisha akapata uhuru, alimfundisha kwa malipo kukausha na kujaza ngozi za ndege. Na Darwin alizoea kuketi naye, akamsifu kwa akili na wema. Mwanafunzi yule alikuwa tayari kujifunza mahali ambapo wengi wa tabaka lake wasingeinama kutazama.

Utabibu ukamshinda. Baba akaamua kwamba kijana awe kasisi, na kwa ajili hiyo Januari 1828 Darwin akaingia Cambridge katika Christ's College. Kwanza alipanga vyumba juu ya duka la tumbaku katika mtaa wa Sidney Street, kisha akapewa vyumba ndani ya chuo chenyewe. Hapo alimkuta binamu yake, William Darwin Fox, aliyemtangulia chuoni, naye ndiye aliyemtia katika mapenzi ya mbawakawa. Vijana hawa wawili walifungua magome ya miti, wakapekua takataka za majahazi yaliyoleta matete, wakaajiri watu wa kuwatafutia wadudu. Siku moja Darwin alishika mbawakawa wawili adimu, mmoja katika kila mkono. Akamwona wa tatu wa aina mpya, na kwa kuchelea kumkosa akamtia mmoja kinywani. Mdudu akamtemea maji makali ulimini, hata ikambidi amteme, akamkosa yule, na wa tatu naye akaenda zake.

Pamoja na wadudu walikuwako mbwa. Barua zake kwa Fox za miaka ile zina habari za mitihani, madeni na mbawakawa, na ndani yake huonekana majina ya mbwa, kama Sappho na Fan, yakitajwa kama watajwavyo jamaa wa nyumbani. Francis Darwin, mwanawe, aliyeandika habari za baba yake mwaka 1887, asema kwamba huko Cambridge Darwin aliteka mapenzi ya mbwa wa Fox, na kwamba pengine huyo ndiye mbwa aliyekuwa akipenya chini ya mablanketi kila usiku, akashuka mpaka mwisho wa kitanda, akalala miguuni pake. Majira ya baridi ya Cambridge si mzaha, na vyumba vya mawe hupashwa moto kwa shida. Mbwa miguuni ni joto. Lakini ni joto lenye pumzi, linaloota ndoto, linaloamka pamoja nawe. Hakuna sheria ya askofu iwezayo kulipiga marufuku joto hilo katika moyo wa mwanafunzi aliye mbali na kwao.

Siku za mwanafunzi huyu zilijaa mambo mengi ambayo mkaguzi mkali angeyaita upuuzi. Alijizoeza kulenga bunduki mbele ya kioo chumbani mwake. Na kwa kupiga fataki tupu ili upepo wake uzime mshumaa, alifanya mlio uliomfanya mwalimu mmoja adhani kwamba Bwana Darwin ashinda chumbani akipigisha mjeledi. Alikwenda kusikiliza nyimbo katika kanisa la King's College hata uti wa mgongo ukamsisimka, ingawa hakuweza kushika sauti hata ya wimbo mmoja. Alikula pamoja na marafiki ndege wasioliwa na watu, mpaka bundi mmoja mzee alipowakomesha. Na Ijumaa jioni alikwenda nyumbani kwa John Stevens Henslow, profesa wa elimu ya mimea, ambako wanafunzi na wakubwa walikutana bila ya daraja. Mara kwa mara alionekana akitembea na Henslow, hata baadhi ya walimu wakamtambua kwa matembezi hayo kabla ya kumtambua kwa jina.

Matembezi ndiyo neno ninalotaka kulishika. Mwezi wa Januari 1831 Darwin alifanya mtihani wake wa shahada, akatoka wa 10 miongoni mwa wale ambao hawakuwania heshima maalum. Lakini kwa kuwa aliingia nyuma ya wakati, alitakiwa kukaa Cambridge kwa mihula miwili zaidi. Huo ulikuwa wakati wa ajabu katika maisha yake: mtihani umekwisha, kazi haijaanza, mtu ni msomi asiye na darasa. Wanafunzi wa shahada za juu wa leo waijua hali hiyo. Katika miezi ile alisoma kwa hiari yake safari za Alexander von Humboldt na kitabu cha John Herschel juu ya njia za elimu, akaanza kujifunza elimu ya miamba. Na mwezi wa Agosti alifuatana na Profesa Adam Sedgwick katika milima ya Wales. Elimu hiyo yote ilikuwa ya miguu na macho. Na nani aliyemzoeza Darwin tangu utoto kutoka nje kila siku, mvua au jua, kusimama panapo harufu au nyayo au mtikisiko wa jani, na kurejea kesho njia ile ile bila ya kuchoka? Henslow alimwongoza, na Sedgwick alimkaza. Lakini kabla ya hao walikuwako mbwa, na mtu afuataye mbwa hujifunza kwamba njia ile ile haiwi ile ile mara mbili.

Mwisho wa Agosti 1831 ilimfikia barua ya kumwalika asafiri katika merikebu ya Beagle. Baba akakataa; mjomba wake, Josiah Wedgwood, akamtetea; baba akaridhia. Tarehe 2 Oktoba 1831 Darwin akaaga nyumbani Shrewsbury. Katika zizi la nyumba ile aliacha mbwa mmoja mkali, aliyewachukia wageni wote na kumtii yeye.

Katika safari hiyo alijifunza mengi ambayo si mahali pake hapa. Lakini moja lahusu vijibwa, nami sitaliacha. Mwaka 1833, katika nchi iitwayo leo Uruguay, aliona makundi makubwa ya kondoo yakilindwa na mbwa peke yao, mbali na nyumba na mtu yeyote. Akauliza jinsi urafiki huo ulivyojengwa. Akaambiwa kwamba kijibwa hutengwa na mama yake angali mdogo sana, hunyonyeshwa na kondoo jike mara 3 au 4 kwa siku, hutandikiwa sufu zizini, wala haachwi kuchanganyika na mbwa wengine wala na watoto wa nyumbani. Akisha kukua hana hamu ya kuliacha kundi. Na kama vile mbwa wengine wamlindavyo bwana wao, yeye huwalinda kondoo. Darwin alipendezwa sana na habari hiyo. Kwa hakika ndani yake mna swali zima la elimu yake ya baadaye: katika kiumbe, kipi chatoka katika damu na kipi chatoka katika malezi?

Beagle ikafika Uingereza tarehe 2 Oktoba 1836, na usiku wa tarehe 4 Darwin akawasili Shrewsbury. Alikwenda karibu na zizi, akamwita yule mbwa mkali kwa sauti ya zamani. Mbwa hakuruka wala hakuonyesha furaha. Alitoka tu, akamfuata matembezini na kumtii, kana kwamba waliachana nusu saa iliyopita. Darwin alipokitia kisa hiki katika kitabu chake cha 1871 juu ya asili ya mwanadamu, alitaja muda wa kutengana kwao: miaka 5 na siku 2. Mwanahistoria akihesabu tangu tarehe 2 Oktoba 1831 mpaka tarehe 4 Oktoba 1836, ataiona hesabu hiyo imetimia bila ya kuzidi wala kupungua. Huyu ni mtu aliyekuwa amerejea tu katika safari ya kuizunguka dunia. Dada zake wamngoja mezani, baba yake yu ukumbini. Naye apima kumbukumbu ya mbwa kwa siku. Je, ni mapenzi au ni jaribio la elimu? Naona kwamba kwa Darwin hapakuwa na ukuta kati ya mawili hayo. Kama asingempenda mbwa yule asingekwenda zizini. Na kama asingekuwa mtu wa elimu asingehesabu zile siku 2.

Kutoka hapo mbwa wakaingia katika maandishi yake wazi wazi. Daftari zake za mwaka 1838, alizoziandika herufi M na N, zina mbwa wengi pamoja na mawazo yake juu ya akili, hasira na aibu. Mwaka huo huo, alipokuwa akipima kwenye karatasi faida na hasara za kuoa, aliandika kwa mzaha kwamba mke ni mwenzi wa kupendwa na kucheza naye, bora kuliko mbwa kwa vyovyote. Na Januari 1839 akamwoa Emma Wedgwood. Katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1859, Asili ya Spishi, vijibwa wana mahali pao. Wafugaji walimhakikishia kwamba vijibwa wa mbwa wa mbio na wa yule mbwa mnene mwenye pua fupi hutofautiana tangu kuzaliwa sawa na wazazi wao. Darwin akawapima wazazi, akawapima na vijibwa wa siku 6, akaona kwamba tofauti ya wadogo haikukaribia tofauti ya wakubwa. Jambo dogo hilo likaingia katika hoja kubwa: watoto hufanana kuliko wazazi, na mfanano huo ni alama ya asili moja. Yeye mwenyewe alidhani kwamba mbwa wa kufugwa walitoka katika jamii kadhaa za mwituni. Elimu ya leo ya chembe za urithi imeonyesha kwamba wote wanatokana na mbwa mwitu wa kijivu wa zama za kale.

Katika kitabu cha 1871 alisimulia juu ya mbwa wake aliyelala bustanini siku ya joto. Upepo ulitikisa mwavuli uliofunguliwa, na kila ulipotikisika mbwa alinguruma na kubweka. Darwin akafikiri kwamba mbwa yule, upesi na bila ya kujijua, amekata shauri kuwa mtikisiko usio na sababu ya kuonekana waonyesha kuwapo kwa kitu hai kigeni. Na katika kitabu cha 1872 juu ya namna hisia zinavyoonekana usoni na mwilini, alimweleza mbwa mwingine aliyefurahia sana matembezi. Njiani palikuwa na kijia kiendacho kwenye banda la vioo ambamo Darwin aliotesha mimea yake ya majaribio. Bwana alipogeukia huko, mbwa alishusha kichwa, masikio na mkia, mwili mzima ukanyong'onyea. Na jamaa wakakipa kivuli hicho cha uso jina la uso wa banda la vioo. Mbwa hakuwa na hila, maana, asema Darwin, haidhaniki kwamba alijua kuwa bwana wake angeuelewa uso huo. Kwa mifano ya namna hii Darwin alijenga hoja kwamba akili ya mtu na akili ya mnyama zinatofautiana kwa kiasi, wala hazitofautiani kwa namna.

Haki yataka niseme kwamba hoja hiyo ilipata wapinzani wa maana. Mwaka 1894 Conwy Lloyd Morgan, mtaalamu wa Bristol, alionya kwamba tusimpe mnyama akili ya juu ikiwa tendo lake laweza kuelezwa kwa uwezo wa chini. Naye pia alikuwa na mbwa, jina lake Tony, aliyejua kufungua komeo la lango kwa kichwa chake. Mgeni angeona busara; lakini Morgan alikuwa amemtazama tangu mwanzo, akajua kwamba mbwa alikuwa akipenyeza kichwa penye nafasi hii na ile bila ya kukusudia, mpaka komeo likanyanyuka kwa bahati, kisha kidogo kidogo mazoea yakaondoa makosa. Onyo hili lilikuwa la kweli, na baadhi ya maelezo ya Darwin hayawezi kusimama mbele yake. Lakini angalieni silaha ya mpinzani ilitoka wapi. Ilitoka kwa mtu mwingine aliyekaa na mbwa wake siku baada ya siku, akawa na subira ya kumtazama tangu hajui hata amejua. Mapenzi yaweza kumpotosha mtazamaji; lakini bila ya mapenzi hakuna atakayekaa muda wa kutosha ili aone.

Sasa naja kwenye lile la pili nililolitaja mwanzo, yaani mpaka. Mbwa wa mwisho wa Darwin alikuwa Polly, jike mdogo mweupe mwenye manyoya magumu, aliyeachiwa baba na binti yake Henrietta alipoolewa mwaka 1871. Katika kitabu cha 1872 Darwin asema kwamba mbwa wake jike alizaa, na vijibwa wake wakauawa, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba nyingi zilizokuwa na mbwa kupita kiasi. Baadaye alistaajabu kuona jinsi yule mama alivyotafuta kuyamwaga mapenzi yake ya uzazi juu yake yeye bwana, akamlamba mikono kwa shauku isiyokwisha. Darwin akayaandika haya kama ushahidi wa elimu, na ni ushahidi kweli. Lakini mtu aliyekumbuka pigo la kijibwa kwa miaka 60 hakuweza kulambwa mikono hiyo bila ya kuhisi chochote.

Wakati ule ule Waingereza walikuwa wakigombana juu ya kupasua wanyama wangali hai kwa ajili ya elimu ya mwili, na mnyama aliyetumiwa mara nyingi alikuwa mbwa. Darwin katika kitabu chake cha 1871 alimtaja mbwa aliyelamba mkono wa mpasuaji wake chini ya kisu, akasema kwamba mtu yule, kama hakuwa na moyo wa jiwe, lazima alijuta mpaka saa yake ya mwisho. Katika chapa ya pili, ya mwaka 1874, aliongeza sharti: isipokuwa kama tendo lile lilihalalishwa kabisa na nyongeza ya maarifa yetu. Katika sharti hilo twawaona watu wawili wakivutana ndani ya mtu mmoja, mwanachuoni ajuaye kwamba utabibu hauwezi kusonga mbele bila ya majaribio, na mtoto wa Shrewsbury aliyesimama mahali asipopasahau. Mwaka 1875 alitoa ushahidi mbele ya Tume ya Kifalme, akatetea majaribio ya elimu, lakini akasema kwamba mwenye kumtesa mnyama pasipo haja, ilhali aweza kumlaza kwa dawa, anastahili kuchukiwa. Mwaka 1876 Bunge likapitisha sheria ya kuyasimamia majaribio hayo. Ni mwaka ule ule alioandika habari za kijibwa.

Darwin alifariki tarehe 19 Aprili 1882. Yeye akazikwa kwa heshima ya taifa katika Westminster Abbey, karibu na kaburi la Newton; Polly akafa siku chache baadaye, akazikwa katika bustani ya nyumba yao huko Down, chini ya mti wa tufaha. Wa kwanza ana jiwe na jina lisomwalo na wageni wa dunia nzima. Wa pili hana jiwe, lakini yumo katika kurasa za bwana wake, na bwana huyo hakuona haya kumweka hapo.

Baba yake Darwin alihesabu mbwa pamoja na bunduki na panya katika daftari la hasara. Hesabu yake ilikuwa ya mtu mwenye busara, na wengi wetu tulio walimu twaifanya kila siku: twapima saa za maktaba, twaziacha saa nyingine zote kama makapi. Historia hii yatufundisha tuwe na tahadhari. Sisemi kwamba kila mwanafunzi mwenye mbwa atakuwa Darwin. Wengi watakuwa na mbwa tu, na hilo nalo si baya. Nasema kwamba elimu isiyopenda kitu huchoka kutazama, na elimu isiyo na huruma haijui mahali pa kusimama. Darwin alipewa mambo hayo mawili na viumbe wasiojua kusoma, naye alikuwa na uungwana wa kuuandika mkopo huo kwa jina la aliyemkopesha.